Kaboni ya baharini haitoweki, wala haifungiwi milele

Bwana Mhariri,

Makala yenu kuhusu bahari na hewa ya ukaa imesomwa sana hapa Bukavu, kando ya ziwa Kivu, na wanafunzi wangu wa kemia na biolojia waliileta darasani wakitaka kujua kama yaliyoandikwa humo yanakubaliana na yale wanayofundishwa. Nimefurahi kwamba gazeti la Kiswahili limethubutu kugusa jambo ambalo kwa kawaida huachiwa vitabu vya Kifaransa. Hata hivyo, zimo sentensi mbili ambazo naomba zirekebishwe. Ya kwanza inadai kwamba bahari hujisafisha, kwa maana kwamba chochote chenye kuoza kikiingia humo humalizwa na kutoweka, na kwamba kwa hiyo uchafu wa miji yetu unaoteremka na mto Ruzizi usitutie wasiwasi mwingi. Ya pili inadai kwamba kaboni inayozama baharini huzikwa milele, na kwamba mto Kongo, kwa kuipeleka huko, unaifanyia dunia kazi ya bure ambayo nchi yetu ingepaswa kulipwa. Madai hayo mawili hayawezi kukaa katika ukurasa mmoja, maana kitu hakitoweki na papo hapo kikawekwa akiba. Na yote mawili yamejikwaa mahali pamoja, kwa sababu hayakuuliza kaboni hiyo inakaa wapi na kwa muda gani kabla ya kurudi.

Mambo huanzia juu, kwenye maji yanayofikiwa na jua. Humo mna mwani mdogo mno, usioonekana kwa macho, ambao huchukua hewa ya ukaa iliyoyeyuka majini na kwa nguvu ya mwanga huigeuza kuwa sukari, protini, mafuta na misombo mingine ya kaboni. Aina mojawapo ya viumbe hao, Prochlorococcus, ambayo Sallie Chisholm na wenzake waliitangaza mwaka 1988, haifiki upana wa sehemu moja ya elfu ya milimita, na bado ni miongoni mwa viumbe wenye usanisinuru, yaani kazi hii ya kujitengenezea chakula kwa mwanga, walio wengi kuliko wote duniani. Kwa mwaka mmoja bahari zote hutengeneza kwa njia hiyo takriban tani bilioni 50 za kaboni, yaani karibu nusu ya kazi yote ya namna hiyo inayofanyika duniani, misitu yetu ikihesabiwa. Lakini ukipima viumbe wote walio hai baharini kwa wakati wowote, kaboni iliyomo miilini mwao haifikii tani bilioni 10. Kinachotengenezwa huliwa karibu papo hapo, na anayekila huipumua sehemu kubwa ya kaboni hiyo na kuirudisha majini ikiwa hewa ya ukaa. Msitu huweka akiba yake katika mbao. Bahari haina mbao.

Mwandishi wenu ameueleza mzunguko huu kama safari ya mwani kwenda kwa vijidudu, yaani wanyama wadogo wanaoelea majini, kutoka kwa vijidudu kwenda kwa samaki wadogo, na kutoka kwa wadogo kwenda kwa wakubwa. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanaacha nje nusu ya habari. Mwaka 1974 Lawrence Pomeroy aliwaambia wanasayansi wenzake kwamba sehemu kubwa ya upumuaji wa baharini ni ya viumbe wadogo kabisa ambao nyavu zao haziwakamati, na mwaka 1983 Farooq Azam na wenzake wakaupanga mzunguko wao hatua kwa hatua. Mwani unapokua huvuja, unapotafunwa humwaga utomvu wake, na unapokufa hupasuka. Sukari na protini zake huyeyuka katika maji ya chumvi, na hapo samaki hawezi tena kuziokota. Anayeweza ni bakteria. Yeye hana mdomo, kwa hiyo hutoa vimeng'enya vinavyokata vipande vikubwa nje ya mwili wake, kisha huvinyonya vile vidogo kupitia ngozi ya seli. Takriban nusu ya kaboni inayotengenezwa na mwani hupitia njia hii. Bakteria huliwa na viumbe wengine wadogo wa seli moja, nao huliwa na vijidudu, na sehemu ndogo hurudi kwenye ile safari ya samaki. Nyingine yote huishia kuwa hewa ya ukaa, pamoja na naitrojeni na fosforasi ambazo mwani wa juu huzihitaji upya.

Kuna pia virusi, ambao makala haikuwataja hata kidogo. Kijiko kimoja cha chai cha maji ya bahari hubeba mamilioni ya bakteria na makumi ya mamilioni ya virusi, wengi wao wakiwa wa kuwashambulia bakteria hao hao. Seli inapopasuliwa na virusi, kaboni yake haiendi kwa mlaji wa juu bali humwagika tena majini na kuwa chakula cha bakteria walio jirani. Mtu akiniuliza ni nani anayeamua samaki wangapi bahari iweze kulisha, nitamtaja kirusi kabla ya kumtaja papa.

Basi, kaboni inazamaje? Sehemu ya mwani uliokufa, kinyesi cha vijidudu na utando wa ute hushikamana na kuwa mabonge mepesi yanayoshuka polepole kuelekea gizani. Kila mwaka kati ya tani bilioni 5 na 12 za kaboni huondoka kwa njia hii kwenye maji ya juu, na bila safari hiyo hewa tunayovuta ingekuwa na hewa ya ukaa nyingi kuliko ilivyo sasa. Lakini mabonge hayo huliwa yakiwa njiani. John Martin na wenzake, waliotega mitego ya kukusanya mabonge hayo katika Pasifiki, walionyesha mwaka 1987 jinsi yanavyopungua kadiri kina kinavyoongezeka: kwa hesabu yao, katika kila sehemu 100 zinazovuka mita 100 za kwanza, ni kama 14 tu zinazofika mita 1,000, na kwenye mita 4,000 hubaki kama 4. Kinachofukiwa kweli kweli katika tope la sakafu ya bahari hakifikii hata sehemu moja kati ya 100 ya kile mwani ulichotengeneza juu. Nyingine iliyoshuka imegeuzwa kuwa hewa ya ukaa ndani ya maji ya kina, na maji hayo hayakufungiwa na mtu: huzunguka duniani na kupanda tena juu baada ya karne kadhaa, au baada ya miaka 1,000 hivi. Hiyo ni akiba ya muda mrefu, na ina faida kubwa kwetu sisi tunaoishi leo, lakini neno milele halina nafasi hapo.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo mimi binafsi naiona kuwa tamu kuliko zote, na ambayo ingestahili makala yake peke yake. Ukichuja maji ya bahari ukaondoa viumbe wote na mabonge yote, maji yanayobaki yataonekana safi kabisa, na bado yana misombo ya kaboni iliyoyeyuka. Ni kidogo sana: katika lita moja ya maji ya kina kaboni hiyo ni kama nusu ya miligramu, na juu juu haifiki miligramu moja. Lakini bahari ni kubwa, na ukijumlisha unapata takriban tani bilioni 660, wakati hewa yote ya dunia ina karibu tani bilioni 900 za kaboni. Tena kaboni hiyo ni nzee. Peter Williams na Ellen Druffel waliipima umri kwa njia ya kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi inayopungua kadiri miaka inavyopita, na mwaka 1987 wakatangaza kwamba ile ya maji ya kina ya Pasifiki ina wastani wa miaka 6,000 hivi. Ile ya Atlantiki ina kama 4,000. Maana yake ni kwamba misombo hiyo imezungushwa na mikondo ya bahari kutoka juu hadi chini na kurudi juu mara kadhaa, ikipita mbele ya bakteria wasiohesabika, na hakuna aliyeimaliza.

Kwa nini wasiimalize? Wapo wanaosema kwamba misombo hiyo imebadilishwa umbo mara nyingi mno na bakteria wenyewe hata hakuna kimeng'enya kinachoifaa tena. Nianzhi Jiao na wenzake waliijenga hoja hiyo mwaka 2010, wakiona kwamba bakteria ni watengenezaji wa kaboni ngumu kuliwa kama walivyo walaji wa kaboni rahisi kuliwa. Wapo wanaosema kwamba tatizo ni uchache: katika maji ya kina kuna maelfu ya aina za misombo, na kila aina imetawanyika sana, kiasi kwamba bakteria anayeitafuta aina moja ni kama mtu wa Bukavu anayeteremka milima ya Ngomo kwa miguu hadi Uvira kufuata kijiko kimoja cha chumvi. Mwaka 2015 Jesús Arrieta na wenzake waliikusanya kaboni hiyo ya kina, wakaiongeza wingi katika maji, na bakteria wa kina wakaanza kukua juu yake, jambo linaloipa nguvu hoja ya pili kwa angalau sehemu ya misombo hiyo. Mimi naona hoja zote mbili zina haki zake, kwa sababu maelfu ya misombo hayana sababu ya kuwa na hatima moja. Ila mwenye kuandika kwamba bahari humaliza kila kitu amepitwa na nusu karne ya kazi ya watu hawa.

Kuhusu mto Kongo, mwandishi wenu ana haki ya kujivuna nao. Ni wa pili duniani kwa wingi wa maji, baada ya Amazon, na humwaga kama mita za ujazo 41,000 kila sekunde. Maji yake ni ya rangi ya chai kali, hasa yale yanayotoka kwenye misitu ya vinamasi ya jimbo la Équateur, kwa sababu yamelowa mabaki ya majani na miti, na kwa mwaka hupeleka baharini zaidi ya tani milioni 12 za kaboni iliyoyeyuka. Ukijumlisha mito yote ya dunia, inaleta kaboni ya kutosha kuijaza upya ile akiba ya bahari katika miaka elfu chache tu. Kwa hiyo mtu angetegemea kuikuta bahari imejaa mabaki ya miti. Haiko hivyo: lignini, ambayo ni alama ya miti ya nchi kavu, huonekana kwa uchache sana katika maji ya bahari kuu. Jua huyakata mabaki hayo yanapofika kwenye maji maangavu, na bakteria huyamalizia, na sehemu kubwa hurudi hewani. Kwa maneno mengine, kaboni nyingi iliyoyeyuka ambayo mto wetu unaitoa msituni haiendi kuzikwa. Inasafiri, inavunjwa, inarudi.

Hata hivyo mto Kongo una jambo ambalo mito mingine mikubwa haina, na makala ililipita kimya. Bonde lake la chini ya bahari linaanzia ndani ya mlango wa mto wenyewe, badala ya kuanzia mbali nje ya pwani, na kwa hiyo mchanga na tope lenye mabaki ya mimea huweza kuporomoka moja kwa moja hadi kina cha karibu mita 5,000. Januari 2020, baada ya mafuriko makubwa kuliko yote tangu miaka ya 1960, mporomoko wa namna hiyo ulikimbia zaidi ya kilomita 1,100 chini ya Atlantiki na kuzikata nyaya za mawasiliano, intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika. Tope linalotua huko chini hufunikwa haraka na tope jingine, na kaboni iliyomo ina nafasi nzuri ya kukaa muda mrefu sana. Kama kweli mnataka kudai malipo kwa kazi ya mto huu, dai lenu lingesimama hapo, juu ya tope, na si juu ya maji. Ingawa, nikisema ukweli, sijui ni nani angemlipa nani kwa mporomoko uliokata intaneti.

Nirudi kwenye kujisafisha, kwa kuwa hapo ndipo makala inaweza kuleta madhara nyumbani. Darasani tunafanya jaribio ambalo kila mwalimu anaweza kulirudia. Tunajaza chupa mbili za kioo maji ya ziwa, moja tunaitia maji kidogo ya ugali uliolala, kila moja tunaitia matone ya bluu ya methileni, rangi inayouzwa katika duka la dawa na ambayo hufifia oksijeni inapoisha, kisha tunaziziba zisibaki na hewa na kuziweka kabatini. Ile yenye maji matupu hubaki na rangi yake. Ile yenye ugali huanza kufifia kutoka chini, ikawa nyeupe, na ukiifungua ukaitikisa na hewa, ubluu unarudi juu juu mbele ya macho ya watoto. Bakteria wameula ugali, na kwa kuula wameimaliza oksijeni. Huko ndiko kujisafisha kunakozungumzwa: kunalipiwa kwa oksijeni, kidogo pale uchafu ni kidogo na maji ni mengi, na kwa hasara kubwa pale mambo yamegeuka. Bahari kuu ina uwezo wa kulipa kwa sababu maji yake ya kina huletewa oksijeni na maji baridi yanayozama karibu na ncha za dunia. Mahali ambapo mwani ni mwingi na maji ya chini hayabadilishwi upesi, kama katika Bahari ya Uarabuni, kuna matabaka makubwa yasiyo na oksijeni ya kutosha samaki kuishi.

Tena uchafu wa Bukavu hauendi baharini, au tuseme hauendi kwa namna mwandishi anavyodhani. Ruzizi hutoka hapa kwetu na kuteremka hadi Tanganyika, ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 1,400, ambalo maji yake mengi huondoka kwa kupanda angani yakiwa mvuke. Mlango wake pekee wa kutokea ni mto Lukuga, pale Kalemie, na mlango huo ulikuwa umezibwa katika karne ya 19 hata ziwa likapanda, mpaka mwaka 1878 lilipojifungulia njia tena. Kinachozama Tanganyika hukaa Tanganyika, katika maji ya kina yasiyo na oksijeni. Na sehemu ya kaboni inayobaki juu huvuliwa, hukaushwa, na kupandishwa Ngomo kuja kwetu ndani ya magunia ya ndagala, yaani dagaa. Chupa za plastiki, kwa upande wake, hazifiki hata huko: zinakwama kwenye vyuma vya bwawa la Ruzizi, na umeme unapokatika sote tunajua moja ya sababu. Plastiki karibu haimo kabisa katika chakula cha bakteria niliyemweleza hapo juu.

Wanafunzi waliniuliza pia kwa nini ziwa Kivu lina gesi ya methani na bahari haina. Swali ni zuri, na jibu linaonyesha jinsi mzunguko mmoja unavyoweza kwenda njia mbili. Kivu haichanganyiki. Kuanzia mita 60 hivi kwenda chini hakuna oksijeni, na maji ya kina, yaliyo mazito kwa chumvi na gesi, yamekaa huko kwa karne nyingi. Mabaki ya mwani yanayozama humo huangukia mikononi mwa viumbe wadogo wa seli moja wanaotengeneza methani, ambao pia huitengeneza kutokana na hewa ya ukaa inayotoka ardhini kwenye volkano, na leo ziwa lina takriban kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za hewa ya ukaa. Baharini, hata pale oksijeni inapokwisha, kuna salfati nyingi katika chumvi ya maji, na bakteria wanaoitumia salfati kupumulia badala ya oksijeni huwapokonya chakula wale watengenezaji wa methani. Hao wa mwisho hubaki kufanya kazi chini zaidi, ndani ya tope, mahali salfati imeisha. Ndiyo maana harufu ya yai viza ya tope la mikoko ni ya kawaida pwani, na mtambo wa kuchota methani kutoka maji ya ziwa uko Kivu.

Kwa hiyo ziwa letu nalo linaihifadhi kaboni kwa muda mrefu, na kwa umbo la hatari zaidi. Na hapa Bukavu tuna shida yetu ya pekee, kwa kuwa ghuba yetu ni kama ziwa dogo lililotengwa na Kivu kubwa kwa kizingiti cha chini, na kina chake ni kama mita 100 tu. Vyoo, maji ya sabuni na maganda ya soko vinavyoteremshwa na mvua kutoka mitaa ya Kadutu havina bahari inayovisubiri. Vina ghuba hii, pamoja na oksijeni iliyomo, ambamo wavuvi wa sambaza, samaki wetu wadogo, huwasha taa zao usiku. Ningeshauri kwamba mwandishi wenu, akitaka kuandika tena juu ya maji yanayojisafisha, kabla ya kwenda pwani ya Moanda apite pale mto Kawa unapoingia ziwani, asubuhi baada ya mvua kubwa, na chupa moja ya bluu ya methileni. Darasa langu litamsaidia kusoma matokeo.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa kemia na biolojia, Bukavu